Hati ya Kijapani Si Mzaha

Wapo wageni waandikao kwamba hati ya Kijapani ni kichekesho, kwa kuwa huchanganya maandishi ya aina tatu, humtaabisha mwanafunzi kwa maelfu ya alama, na ingefaa itupwe, herufi za Kirumi zishike mahali pake. Lakini kati ya aina hizo tatu, hiragana na katakana zina herufi za msingi 46 kila moja, na mwenye bidii huzihifadhi kwa majuma machache. Maelfu hayo nayo ni ya aina ya tatu, kanji, ambazo 2,136 ni za matumizi ya kawaida, na 1,026 kati yake hufunzwa watoto wa shule za msingi. Basi mtu mzima hukicheka nini kile akiwezacho mtoto? Tena hoja dhaifu kupita zote ni hiyo rai ya kuitupa hati, maana ilikwisha kusikizwa: mwaka 1946 ujumbe wa elimu kutoka Marekani uliishauri Japani ichukue herufi za Kirumi, na mwaka 1948, raia walipopimwa ili ijulikane kama kanji zimewanyima elimu, wasiojua kusoma na kuandika walionekana kama 2 tu katika kila 100. Ushauri ukaishia hapo. Aonaye taabu na akae kitako adurusu, au awaachie wenyewe hati yao.