Mnyonge Mnyongeni, Aliyelibeba Zimwi Mpeni Haki Yake

Mtazamaji wa sinema huona yaliyo mbele ya kamera. Yaliyo nyuma yake hayaoni, na aghalabu hufichwa kwa makusudi ili biashara isiharibike. Hata hivyo, huko nyuma ndiko kuliko na mafunzo makubwa zaidi, hasa kwa walimu na wanafunzi ambao kazi yao ya kila siku ni kutofautisha kilicho cha kweli na kilichopakwa rangi. Ndiyo sababu leo tumeona inafaa kuikumbuka sinema ya zimwi iliyotengenezwa Marekani mwaka 1976, iliyokuwa marudio ya King Kong, na kuuliza swali moja: je, ni nani hasa aliyelibeba zimwi lile?

Itakumbukwa kuwa King Kong ya kwanza ilitolewa na kampuni ya RKO mwaka 1933, ikiongozwa na Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack. Sokwe aliyeonekana mkubwa kama nyumba ya ghorofa alikuwa kwa hakika kisanamu kidogo chenye mifupa ya chuma na ngozi ya sungura. Fundi Willis O'Brien na wenzake walikisogeza kidogo, wakakipiga picha, wakakisogeza tena, hadi kikaonekana kinatembea na kunguruma. Ilikuwa kazi ya subira kubwa, na ulimwengu wa sinema umemheshimu O'Brien kwa ajili yake hadi leo.

Miaka arobaini na ushei baadaye, wakubwa wawili wa sinema walitaka kuirudia hadithi hiyo kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa Dino De Laurentiis, mtayarishaji kutoka Italia aliyeshirikiana na kampuni ya Paramount na kununua haki kutoka RKO. Wa pili ilikuwa kampuni ya Universal, iliyodai kwamba haki hizo zilikuwa zimekwisha kuahidiwa kwake. Mwaka 1975 wakafikishana mahakamani. Baadhi ya hoja za Universal zilikuwa kwamba hadithi ya Kong ni mali ya umma, na kwamba hakuna aliye na mamlaka ya kumzuia mwingine kuisimulia. Mapema mwaka 1976 wakapatana: Universal ikaiweka sinema yake kando, De Laurentiis akaendelea na yake.

Ajabu ni kwamba mwaka 1982 kampuni hiyo hiyo ya Universal iliishtaki Nintendo ya Japani kwa sababu ya mchezo wa Donkey Kong, ikidai kuwa Kong ni wake. Mahakama ya New York haikusahau. Iliikumbusha Universal maneno yake yenyewe ya awali, na kesi ikashindwa. Anayebadili ukweli kulingana na faida ya siku hiyo hana budi kukutana nao siku nyingine.

Lakini tusiende mbali. Wahenga walisema, wapiganapo fahari wawili ziumiazo nyasi. Katika mapambano haya, nyasi zilikuwa mafundi. Kwa kuwa kulikuwa na mshindani, De Laurentiis alilazimika kukimbia. Upigaji picha ulianza Januari 1976, na sinema ikaahidiwa kuwa tayari kabla ya Krismasi ya mwaka huo huo. Mwongozaji aliyechaguliwa alikuwa Mwingereza John Guillermin, aliyekuwa ametoka kufanikiwa na The Towering Inferno ya mwaka 1974. Jessica Lange akapewa nafasi yake ya kwanza katika sinema, akaigiza pamoja na Jeff Bridges na Charles Grodin. Waigizaji walikuwepo, fedha zilikuwepo, matangazo yalikuwepo. Kilichokosekana ni zimwi lenyewe.

Hapo ndipo ahadi kubwa ilipotolewa. Umma ulielezwa kuwa Kong wa safari hii hatakuwa kisanamu, bali mtambo wa urefu wa futi 40, wenye uzito wa tani sita na nusu, unaotembea na kusogeza mikono kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo ndani ya mipira. Mbunifu wake alikuwa Carlo Rambaldi wa Italia, na mhandisi aliyeujenga alikuwa Glen Robinson. Gharama yake ilikuwa dola zipatazo milioni 1.7, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Manyoya yake yalikuwa ya mikia ya farasi, iliyoagizwa kutoka Argentina. Magazeti yakaupamba, na watu wakaanza kuhesabu siku.

Mtambo ule haukuweza kazi. Uliweza kusimama na kuinua mikono kwa taabu, lakini kutembea na kuigiza haukuweza. Katika sinema nzima, yenye urefu wa zaidi ya saa mbili, unaonekana kwa sekunde chache tu, katika tukio ambapo Kong anaonyeshwa hadharani mbele ya umati. Mikono mikubwa ya mitambo, iliyotengenezwa peke yake ili imshike Jessica Lange, ndiyo iliyofanya kazi ya haja.

Basi ni nani aliyeigiza nafasi ya Kong? Ni kijana wa miaka 25 aitwaye Rick Baker. Alikuwa fundi wa vinyago na mavazi, mpenzi wa masokwe tangu utotoni, aliyeitwa kwanza kushindana na Rambaldi katika ubunifu wa sokwe huyo. Hatimaye ujuzi wa wote wawili uliunganishwa: vazi likashonwa, na Rambaldi akatengeneza vinyago vya uso vilivyovutwa kwa nyaya ili sokwe aweze kukunja uso, kukenua meno na kuhuzunika. Baker akaingia ndani ya vazi hilo zito, lenye joto la kutisha, akatia lenzi machoni zilizomwumiza, akatembea katikati ya majumba na miti midogo iliyotengenezwa ili yeye aonekane mkubwa. Karibu kila mara mtazamaji anapomwona Kong mzima akipita, akipigana au akimtazama binti yule kwa huruma, anamwona Baker. Macho yale yenye majonzi, ambayo watu wengi waliyakumbuka kuliko chochote kingine katika sinema ile, ni macho ya mtu wala si ya mashine.

Taabu nyingine hazikukosekana. Mwezi Juni mwaka 1976 kikosi kilikwenda New York kupiga picha za kifo cha Kong katika uwanja ulio chini ya majengo pacha ya World Trade Center, yaliyoangamizwa baadaye tarehe 11 Septemba 2001. Wananchi walialikwa waje wawe umati wa watazamaji. Walikuja kwa maelfu, kupita matarajio ya waalikaji, hata wenye majengo wakahofia kuwa uwanja hautastahimili uzito ule, wakasimamisha kazi. Lakini taabu za namna hiyo ni za kawaida, na kila anayefanya kazi kubwa huzipata. Aibu ilikuja pale taabu ilipofichwa kwa uongo.

Kwani sinema ilipotoka tarehe 17 Desemba 1976, matangazo yaliendelea kuusifu mtambo. Katika orodha ya majina, Rambaldi alitajwa kuwa ndiye mbunifu wa Kong, naye Robinson akatajwa pamoja naye katika ujenzi. Baker alitajwa kuwa mtu aliyetoa mchango maalumu. Hakuna mahali palipoandikwa wazi kwamba yeye ndiye aliyekuwa Kong. Mapema mwaka 1977, Akademi ya Sinema ya Marekani ikatoa tuzo maalumu ya Oscar kwa mafundi wa picha za sinema hiyo, ikigawanywa na sinema nyingine iitwayo Logan's Run. Rambaldi, Robinson na Frank Van der Veer wakatuzwa. Baker hakuwamo. Jim Danforth, fundi mashuhuri wa picha za visanamu, aliona hiyo kuwa dhuluma kwa taaluma nzima, akajiuzulu uanachama wa Akademi.

Tusimwonee mtu. Rambaldi hakuwa laghai. Vinyago vyake vya uso vilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, na baadaye alistahiki tuzo alizopata kwa Alien ya mwaka 1979 na E.T. ya mwaka 1982. Wala hatusemi kuwa sinema ilianguka, kwani ilileta faida. Na hapa ndipo msomaji mwenye haraka atakapouliza: ikiwa watu walifurahi na fedha zikarudi, kosa liko wapi?

Kosa liko katika mambo matatu. Kwanza, mtazamaji alilipa fedha zake aione ajabu moja, akaonyeshwa nyingine bila kuambiwa. Pili, jasho la mtu lilipewa jina la mashine kwa sababu tu mashine ilikuwa ghali, na ilikuwa aibu kukiri kuwa fedha zimepotea. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, vijana waliotaka kujifunza ufundi ule walifundishwa uongo. Aliyeamini kuwa ni mtambo uliofanya kazi angeweza kupoteza miaka akijaribu kuunda mtambo, ilhali siri ilikuwa katika kumchunguza mnyama, kuuzoeza mwili na kuvumilia. Uongo kuhusu namna kazi ilivyofanywa huiba elimu yenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, na haki, ijapochelewa, ilifika. Akademi ilipoanzisha tuzo ya kila mwaka ya upambaji wa waigizaji, aliyeipokea mara ya kwanza, mwaka 1982, alikuwa Rick Baker, kwa kazi yake katika An American Werewolf in London. Hadi alipostaafu mwaka 2015 alikuwa amekusanya tuzo saba za Oscar. Ya saba aliipata mwaka 2011 kwa The Wolfman, marudio mengine ya sinema ya zimwi yaliyopitia misukosuko: mwongozaji wake wa kwanza aliondoka wiki chache kabla ya upigaji picha kuanza, na siku ya kutolewa ikaahirishwa tena na tena. Kati ya vurugu zote hizo, kazi ya mikono ya Baker ndiyo iliyosifiwa.

Na King Kong iliporudiwa tena mwaka 2005 chini ya Peter Jackson wa New Zealand, mambo yalikuwa yamebadilika. Gharama zilipanda kupita kiasi, na mtungaji wa muziki, Howard Shore, akabadilishwa na James Newton Howard ikiwa imebaki miezi michache tu. Lakini juu ya nani aliyekuwa Kong hapakuwa na mficho. Andy Serkis, mwigizaji Mwingereza, alisafiri hadi Rwanda kuwatazama masokwe wa milimani wanavyoishi, kisha miondoko yake na uso wake vikanaswa na kompyuta vikawa sokwe. Kompyuta zilifanya kazi kubwa kuliko mtambo wowote wa mwaka 1976, na bado jina la Serkis lilitangazwa bila haya. Kumbe inawezekana kuisifu mashine bila kumzika mtu.

Sasa tuingie madarasani kwetu. Katika kila tamasha la michezo ya kuigiza, kuna mwanafunzi aliyeshona mavazi usiku na kuna mwingine aliyetengeneza vinyago kwa magazeti na gundi. Kuna pia mwandishi wa mchezo ambaye pengine hata hakualikwa siku ya tuzo. Kikombe kinapofika shuleni, hupigwa picha mikononi mwa mwalimu mkuu na mwigizaji mkuu. Chini ya Mtaala wa Umilisi, tumesikia tena na tena manung'uniko kuwa kazi za mikono wanazopewa watoto hufanywa na wazazi, kisha mtoto akapewa alama kwa ustadi wa baba yake. Na katika kazi za vikundi, kila mwalimu anajua kuwa mara nyingi wawili hufanya na sita huandikwa.

Isitoshe, limezuka jambo jipya. Mwaka 1976 walimficha mtu wakaisifu mashine. Leo mwanafunzi anayeiagiza kompyuta imwandikie insha, kisha akatia jina lake, anaificha mashine ili asifiwe mtu. Mambo haya yanaonekana kupingana, lakini ni uongo mmoja uliogeuzwa upande. Madhara yake ni yale yale: mwalimu hajui tena anapima nini, na mwanafunzi hajui tena anaweza nini.

Maoni yetu ni kwamba dawa ipo, wala haihitaji fedha. Kila shule inayopeleka mchezo tamashani iorodheshe majina ya wote walioshiriki, kuanzia mwandishi hadi mshona vifungo, na orodha hiyo isomwe mbele ya shule nzima. Kila kikundi cha darasani kiambatishe ukurasa mmoja unaoeleza nani alifanya nini. Kila mwanafunzi aandike mwishoni mwa kazi yake msaada alioupata, uwe wa mzazi, wa kitabu au wa kompyuta, na mwalimu asimwadhibu kwa kusema kweli, kwani tukiadhibu ukweli tutavuna uongo. Walimu nao waanze wao wenyewe, kwa kutaja waziwazi wenzao ambao maandalizi yao wanayatumia.

Mafundi wa mwaka 1976 hawakuwa na muda wa kutosha, na wakubwa wao hawakuwa na ujasiri wa kusema kuwa mtambo umeshindwa. Sisi tunao muda, na ujasiri ni jambo la kujifunza. Mnyonge mnyongeni, walisema wazee wetu, lakini haki yake mpeni.