Nyumba ya kupanga, mti wa kupanda

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na viwanja vya starehe, twende uani kwangu. Usicheke. Mie mtoto wa mjini, mpangaji wa chumba na sebule pale Tabata, nina bustani. Bustani yenyewe ni mti mmoja: mpingo.

Ndiyo, mpingo ule ule wa vinyago.

Ilikuwa hivi. Masika ya 2022 mama mwenye nyumba alinipa kona moja ya ua niipendezeshe. Kwa kupenda sifa, nikakimbilia banda la miche kando ya barabara, nikarudi na mawaridi, ukoka, na maua ambayo hata muuzaji alikuwa anayabahatishia majina. Mche wa mpingo nilipewa kama nyongeza. Mrefu kama kalamu, una miiba, hauna hata ua moja. Mchumba wangu akautazama, akabetua mdomo: "Na hili nalo ni pambo?"

Basi bwana, Oktoba hiyo ukaja mgao wa maji. Mto Ruvu umepungua, bomba linakohoa hewa tu, watu wanagombea dumu la lita 20. Ukipata dumu moja, utaoga au utamwagilia maua? Mie nilioga. Mawaridi yakaondoka wiki ya kwanza, ukoka ukawa kama mswaki uliochakaa. Mpingo nao ukapukutisha majani yote, ukabaki kijiti. Nikasema hili nalo limekwenda, nitaling'oa Jumapili.

Bahati nzuri Jumamosi nilikwenda Mwenge kwenye vinyago kutafuta zawadi ya harusi. Nikamkuta mzee mmoja anachonga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza msiba wangu. Akacheka mpaka akaweka patasi chini.

"Huo haujafa. Kiangazi mpingo unavua nguo, mvua ikija unavaa. Nenda kaukwaruze gome kwa ukucha. Ukiona kijani, uache."

Nikarudi mbio, nikakwaruza. Kijani! Mvua ziliponyesha majani yakachipua, mie nikawa namwonyesha kila mpita njia kama mwenye mtoto mchanga.

Sasa wewe unayetaka kujaribu, sikia. Loweka mbegu kwenye maji ya kawaida usiku na mchana, kisha zitie kwenye viriba. Wiki mbili tatu hivi zinaota. Hamishia ardhini mvua zinapoanza, mahali penye jua la kutosha, mbali na ukuta na njia ya watoto, kwa sababu ya miiba. Kiangazi cha kwanza unywesheshe mara mbili kwa wiki. Ukishashika mizizi, hautakusumbua. Uzungushie uzio, maana mbuzi wanayapenda majani yake. Ukikua utatoa maua meupe yenye harufu tamu, na kwa kuwa ni wa jamii ya kunde, unairutubisha ardhi badala ya kuinyonya.

Lakini nisikudanganye kwenye jambo moja: haraka hauna. Ile mbao nyeusi, nzito hata inazama majini, ile inayotengenezewa klarineti za Ulaya, inataka miaka 70 na kuendelea. Ndiyo maana wanaoukata ni wengi na wanaoupanda wa kuhesabu. Mchumba alipiga hesabu, akaniuliza, "Hicho kinyago atachonga nani? Wewe utakuwa umeshazikwa!"

Nilikosa jibu. Na sasa limenikuta kubwa zaidi. Mwezi ujao kazi inanihamishia Dodoma. Mpingo umenifika kifuani, mizizi imeshazama chini. Kuung'oa ni kuuua. Na mama mwenye nyumba siku nyingi anataka kumwaga zege ua mzima apate pa kuegesha gari. Juzi nikajikaza, nikamfuata.

"Mama, naomba mti wangu usikatwe."

"Mwanangu, wewe unaondoka. Mti utanilipa kodi?"

Nikanyamaza. Usiku sikulala vizuri, kwa ajili ya mti, hebu fikiria! Jana mafundi wakaja na mchanga na saruji. Nikajifungia ndani nisione. Jioni natoka, ua mzima zege, isipokuwa duara moja kwenye kona, limejengewa tofali kuzunguka mpingo. Mjukuu wake wa darasa la tatu amechuchumaa pale na kopo la maji.

"Bibi kasema ni wangu sasa," akaniambia. "Eti utazaa lini?"

Nikamwambia asubiri kidogo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe uliyepanga, muulize mwenye nyumba kama ana kona.