Mng'ao Si Dosari

Mtu akiweka birika la fedha juu ya meza na kulipiga picha, aghalabu hupata picha ya vitu asivyovikusudia. Katika tumbo la birika huonekana dirisha lililopinda, taa ya darini, kona ya kabati, na katikati yake mtu mdogo mwenye pua kubwa ameshika kamera. Pale alipotarajia kuona nakshi za fundi pana baka jeupe lisilo na chochote. Hapo wengi huilaumu kamera, na wengine huulaumu mng'ao wenyewe kana kwamba ni uchafu ulioganda juu ya chombo. Lawama zote mbili hazina haki. Kamera imeandika kwa uaminifu kile kilichofika katika lenzi yake, na birika limetii kanuni za nuru. Aliyekosea ni mpiga picha, ambaye hakujiuliza birika lilikuwa likitazama nini.

Vitu vingi vinavyomzunguka binadamu, kama vile udongo, kitambaa au gome la mti, hutawanya nuru kila upande. Kwa sababu hiyo huonekana karibu sawasawa kutoka popote anaposimama mtazamaji. Kitu laini kilichosuguliwa hakifanyi hivyo. Mwali wa nuru ukikigonga, huondoka kwa pembe iliyo sawa na ile uliyojia. Kanuni hii hukaririwa na kila mwanafunzi wa sekondari, huchorwa kwa rula, na hujibiwa katika mtihani. Walakini ni wachache wanaotambua kwamba kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoliharibu birika katika picha. Hapo ndipo penye hoja ya makala haya: upigaji picha wa vitu ving'aavyo unastahili kuingia katika somo la fizikia, kwa kuwa unamlazimisha mwanafunzi kuitumia kanuni badala ya kuisoma tu.

Swali lenyewe si geni. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Misri, alilishughulikia kwa kina katika kitabu chake cha elimu ya kuona. Ikiwa mahali pa taa panajulikana, na mahali pa jicho panajulikana, je, ni katika nukta ipi ya kioo cha duara ambapo mwali utaakisiwa na kulifikia jicho? Hesabu yake ni nzito, na wanahisabati wa karne nyingi zilizofuata waliendelea kuitafutia njia nyepesi. Lakini hilo ndilo swali la mpiga picha anapotaka kujua kidoa cheupe kitatokea wapi juu ya kijiko.

Kijiko hicho chaweza kuwa maabara kamili. Mgongo wake ni kioo mbinuko, nacho huona karibu chumba kizima, ndiyo maana mpiga picha hawezi kujificha mbele yake kwa kusogea hatua mbili kushoto au kulia. Njia iliyopo ni kuchagua kile kitakachoonwa na kijiko. Kikizungukwa na shuka jeupe lenye tundu dogo la lenzi, na taa zikaangaza shuka kwa nje, kijiko hakina tena dirisha wala kabati la kutazama. Huona weupe mtupu. Hata hivyo mwanafunzi mwangalifu atagundua tatizo jipya: kijiko sasa kinafanana na chokaa, na umbo lake limepotea. Akiweka vipande vyembamba vya karatasi nyeusi kila upande, mistari myeusi hujitokeza kando ya kijiko, na umbo hurudi. Funzo hapa ni kubwa. Mng'ao ukiondolewa wote, chuma huacha kuonekana chuma, kwani jicho huitambua fedha kwa namna inavyoakisi.

Historia ya picha yenyewe inathibitisha jambo hilo. Picha za Louis Daguerre, zilizotangazwa mjini Paris mwaka 1839, zilifanyika juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na kusuguliwa likawa kama kioo. Mwenye kuitazama picha ya aina hiyo hana budi kuliinamisha bamba mpaka liakisi kitu cheusi, ndipo sura iliyomo ionekane sawasawa. Bamba likikabiliana na ukuta mweupe, sura hufifia au hugeuka, weusi ukawa weupe.

Yapo mambo mazito zaidi yanayotegemea ujuzi huu kuliko kijiko cha darasani. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya elfu mbili za fedha, pamoja na chache za dhahabu. Sarafu za namna hii, pamoja na zile za shaba za Kilwa, zina majina ya watawala wa pwani kwa herufi za Kiarabu. Katika nyingi kati yake maneno ya upande mmoja hufanya kina na maneno ya upande wa pili. Nyingine ni ndogo kama ukucha. Katika uso mdogo kiasi hicho, baka moja la mng'ao laweza kufunika herufi nzima au nukta inayotofautisha jina moja na jingine. Mwanahistoria aliye mbali, ambaye hana ila picha, atasoma kosa na kulijengea hoja.

Kwa sarafu iliyosafishwa, kioo cha dirisha huweza kuleta nafuu. Kipande cha kioo huinamishwa digrii 45 kati ya lenzi na sarafu, na taa huwekwa ubavuni. Sehemu kubwa ya nuru hupita na kupotea upande wa pili, ambako hutandikwa kitambaa cheusi. Sehemu ndogo, kama moja kati ya kumi, huakisiwa chini juu ya sarafu na kurudi kupitia kioo hadi kwenye lenzi. Uwanja bapa wa sarafu huwa mweupe, na kingo za herufi zilizoinama huonekana nyeusi. Kioo kikiondolewa na taa ikashushwa pembeni, mambo hugeuka: uwanja huwa mweusi na kingo hung'aa. Picha zote mbili ni za kweli, na kila moja hueleza jambo ambalo nyenzake imelificha.

Wapo wanaosema kwamba kichujio cha kupolarisha nuru kinatosha kumaliza kazi. Kichujio hicho ni chombo kizuri, na elimu yake ina historia ya kuvutia. Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus alitazama kupitia jiwe angavu la kalsaiti nuru iliyoakisiwa na madirisha ya jumba moja la Paris, akaona nguvu yake ikibadilika kila alipoligeuza jiwe. Baadaye, mwaka 1815, David Brewster alionyesha uhusiano wa pembe ya kuakisi na aina ya dutu; kwa kioo cha kawaida pembe hiyo ni kama digrii 56 na kwa maji ni kama 53. Kwa hiyo kichujio huweza kuondoa mng'ao juu ya maji, kioo au mbao iliyopakwa vanishi. Lakini metali haipolarishi nuru kwa namna hiyo. Mwenye kukizungusha kichujio mbele ya birika la fedha chini ya taa ya kawaida atapunguza nuru yote, na baka litabaki pale pale. Chombo kisichoeleweka hakitoi msaada, hata kikiwa ghali.

Wengine husema kwamba jambo hili limepitwa na wakati, kwa kuwa simu na kompyuta za leo huweza kufuta mng'ao kwa kubonyeza mara moja. Hoja hii yafaa kupimwa kwa makini. Mahali nuru ilipozidi hadi kuwa nyeupe kabisa, kamera haikuandika chochote kuhusu uso uliokuwa chini yake. Programu inayojaza pengo hilo hukisia kwa kutazama yaliyo jirani, au kwa kufuata mazoea ya picha nyingine. Kwa picha ya harusi huenda hakuna madhara. Kwa picha ya ushahidi, mkwaruzo uliobuniwa au herufi iliyokisiwa ni uwongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Utaratibu wa kimataifa wa kutambua vitu vya thamani uitwao Object ID, uliozinduliwa mwaka 1997, huhimiza picha na maelezo ya alama za pekee, kwa sababu kitu kilichoibwa hutambuliwa kwa makovu yake. Makovu hayo hayapaswi kubuniwa wala kufutwa. Mahali pa kusahihisha nuru ni mezani, kabla ya kupiga picha.

Tena, mng'ao wenyewe ni taarifa. Mwaka 2001 Tom Malzbender na wenzake wa kampuni ya Hewlett-Packard walieleza njia ya kupiga picha nyingi za kitu kimoja, kamera ikiwa imetulia na taa ikihamishwa kila mara, kisha kuziunganisha ili mtazamaji aweze kuhamisha nuru apendavyo. Mwaka 2005 njia hiyo ilitumiwa mjini Athens kuchunguza masalio ya mtambo wa kale wa Antikythera. Baadaye wataalamu waliongeza hila nyepesi: kando ya kitu huwekwa mpira mdogo mweusi unaong'aa. Kidoa cheupe juu ya mpira huieleza kompyuta taa ilikuwa upande gani. Swali la Ibn al-Haytham limepinduliwa, na kile kilichoitwa kasoro kimekuwa kipimo.

Mwalimu asiye na maabara asingoje vifaa kutoka mbali. Kijiko, sarafu, tochi, karatasi ya manila nyeupe na nyeusi, kipande cha kioo kilichosuguliwa kingo, na simu moja ya mwalimu vinatosha kwa vipindi viwili. Pasipo simu, mwanafunzi atafumba jicho moja na kuchungulia kwenye tundu la karatasi, kwani jicho nalo ni kamera. Achore kwanza njia ya mwali na kutabiri mahali pa kidoa, kisha awashe tochi na kujisahihisha. Jua lisitumiwe katika zoezi hili, kwa kuwa kijiko chaweza kuuelekeza mwali wake machoni. Mwanafunzi aliyeweza kukihamisha kidoa cheupe kutoka mahali hadi mahali kwa kukusudia ameielewa kanuni ya uakisi, na akija kukabidhiwa sarafu ya Mtambwe Mkuu ataipiga picha itakayosomeka.