Gesi ya Mtwara na Mapatano ya Wenyeji

Siku hizi yapo maneno mengi juu ya kuigeuza miji yetu ya pwani iwe kile kinachoitwa "mji janja", yaani mji ambao umeme, maji, bandari na mawasiliano yake huendeshwa kwa mitambo ya kisasa. Haishangazi Mtwara ikitajwa katika mazungumzo hayo, kwani ina bandari yenye kina kirefu, ina kiwanda kikubwa cha saruji na, juu ya yote, ina gesi. Nia hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Hata hivyo, hapana budi kuuliza mapema: mji huo utajengwa kwa mapatano na nani?

Swali hili si geni katika mkoa huu. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ni matunda ya mpango wa karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947. Misitu ilifyekwa kwa matrekta na fedha nyingi zikamwagwa, lakini wakuu wa mpango hawakujali maarifa ya wakulima waliozijua mvua na udongo wa nchi yao. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Mitambo ilikuwapo, aliyekosekana ni mwenyeji.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, nayo ilikaa chini kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuanza kuipatia umeme Mtwara na Lindi, mikoa ambayo kwa miaka mingi iliishi nje ya Gridi ya Taifa. Baadaye ukaja uamuzi wa kujenga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Katika Januari na Mei ya mwaka 2013 Mtwara ilichafuka. Watu walisema "gesi haitoki", majengo yakachomwa moto, na roho za watu zikapotea.

Wapo waliowalaumu watu wa Kusini kwa ubinafsi. Sisi hatukubaliani nao. Gesi ni mali ya Taifa zima, na ilikuwa haki viwanda na majumba ya Dar es Salaam yafaidike nayo. Lakini kilio kikubwa cha wananchi kilikuwa kwamba hawakuelezwa mapema, kwa lugha nyepesi na kwa hesabu, ni faida gani itakayobaki mahali gesi inapochimbwa. Pasipo na maelezo, uvumi hutawala.

Tangu hapo zimechukuliwa hatua zinazostahili kusifiwa. Mwaka 2015 bomba lilikamilika, na Bunge likatunga Sheria ya Petroli inayotaka wafanyakazi, bidhaa na huduma za Watanzania vipewe nafasi ya kwanza. Mwaka 2018 gesi ikafika katika kiwanda cha saruji cha Dangote. Lakini sheria iliyo kabatini haimwangazii mvuvi wa Msimbati. Yeye anaishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 650. Visima vya gesi navyo vimo humo humo. Upande mmoja amewekewa mipaka ya hifadhi, na upande wa pili mipaka ya mitambo. Mipaka yote miwili ina sababu zake. Lakini anayebeba mizigo miwili kwa ajili ya Taifa anastahili kuiona faida yake kwa macho.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu kwa wanaohusika. Kwanza, halmashauri zibandike katika ofisi ya kila kijiji hesabu za ushuru wa huduma unaotokana na gesi: kiasi gani kimepokelewa, na kimetumika kwa kazi ipi. Pili, umeme wa gesi uelekezwe kwanza kwenye kazi za wenyeji, yaani mitambo ya barafu katika madiko ya samaki na viwanda vya kubangua korosho, ili mali ya mkoa isiendelee kusafirishwa ikiwa ghafi. Tatu, visiwa vidogo vya mwambao, ambavyo ni shida kuvifikishia nyaya, vipatiwe mitambo ya umeme wa jua yenye betri, na vijana wa visiwa hivyo hivyo wafunzwe kuitengeneza. Mtambo unaosubiri fundi kutoka Dar es Salaam huwa chuma chakavu kabla ya mwaka kwisha.

Wananchi nao wana wajibu wao. Baruti baharini na shoka katika mikoko vinabomoa kile ambacho hakuna fedha ya gesi itakayoweza kukirudisha. Ushirika hauwezi kuwa wa upande mmoja, na anayedai hesabu lazima naye awe tayari kutoa yake.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja Mtwara mara nyingi, wa karanga, wa gesi na wa saruji, na wengine watakuja na mipango ya miji ya kisasa. Tunawaomba wakuu wa Serikali kwamba kabla ya kutiwa sahihi mkataba mwingine wowote, wavuke kwenda Msimbati na visiwani, wakae barazani na wazee, wavuvi na akina mama wanaochokoa pweza, na yatakayokubaliwa hapo yaandikwe. Gesi itakwisha siku moja. Mji utakaobaki ni ule ambao wenyeji wake walishiriki kuujenga.