Wadudu wa maua ya ndani: usikimbilie dawa ya shambani

Mzazi, ua la sebuleni likinyong'onyea, geuza jani uangalie chini yake. Vijipamba vyeupe kwenye maungio ni vidung'ata. Vijidudu vya kijani kwenye machipukizi ni vidukari. Utando mwembamba ni dalili ya utitiri.

Tenga chungu hicho. Changanya kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, futa majani pande zote. Rudia kila wiki, kwani mayai yaliyobaki huangua.

Dawa ya shambani usiipulizie ndani, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda: mtoto atadhani ni kinywaji. Akiinywa, usimtapishe; mwahishe hospitali pamoja na chombo cha dawa hiyo.