Mashariki, Magharibi, na sisi tuliosahauliwa

Na Zuhura Mwinyimkuu

Mwaka 2001 Takahiko Masuda na Richard Nisbett walichapisha utafiti unaotajwa hadi leo kila panapozungumzwa fikra za Mashariki na za Magharibi. Waliwaonyesha wanafunzi wa Japani na wa Marekani filamu fupi za katuni zenye samaki wakiogelea, kisha wakawaomba waeleze walichokiona. Wamarekani wengi walianza na samaki aliyejitokeza mbele ya wenzake. Wajapani mara nyingi walianza na mahali penyewe, kwamba palionekana kama bwawa, na kwa jumla waliyataja mazingira kwa takriban asilimia 60 zaidi.

Utafiti huo nauheshimu. Unaonyesha kwamba hata jicho hulelewa. Ninachokikataa ni mazoea yaliyofuata ya kuikata dunia vipande viwili na kudhani kazi imekwisha.

China yenyewe haienei katika kipande kimoja. Mwaka 2014 Thomas Talhelm na wenzake waliwapima wanafunzi zaidi ya 1,000 wa nchi hiyo. Wa kusini, kunakolimwa mpunga, walielekea kuyatazama mambo kwa uhusiano wake kuliko wa kaskazini, kwenye ngano. Watafiti hao wanasema sababu ni kilimo: mpunga unataka maji, na maji ni ya wote. Mifereji huchimbwa na kusafishwa kwa ushirika, na anayefungulia maji mengi kwenye jaruba lake anamkausha jirani. Wapo wataalamu wanaoibishia nadharia hii, na wana haki. Lakini mkulima wa mpunga wa Mwea au Mbarali hahitaji kufafanuliwa habari za zamu ya maji. Je, yeye na mfugaji wa Kajiado huona sawa? Swali hilo lina uzito kwetu kuliko samaki wa katuni.

Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionya kwamba saikolojia imejengwa juu ya watu wachache wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, kisha ikawaita binadamu wote. Kumwongeza Mjapani kwenye mizani hakujaponya kasoro hiyo.

Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina wanasaikolojia. Wapeni fedha waende Mwea, Mbarali na Kajiado, wawaulize watu kwa lugha zao wanaona nini.