Ladha ya Embe Isiyo na Embe

JIKO LA MJINI
Na Mwanahawa Sengondo

Sina ugomvi na wofo. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo wasomaji wa safu hii ambao wakiona neno lenyewe watadhani wiki hii nimekuja kuwasimanga vijana na vyakula vyao vya kupiga picha. Vile vikate vya mirabamiraba, vyenye vishimo vya kutuamia asali, ni kifungua kinywa kizuri, hasa asubuhi ya Jumamosi ambapo hakuna anayekimbizana na daladala. Ugomvi wangu ni na boksi.

Mashine za wofo zimejaa mjini. Bibi harusi wa siku hizi akitoka kwenye kicheni pati bila mashine hiyo, mashoga zake wameteleza. Kariakoo zinapangwa rafu moja na blenda na pasi. Na palipo na mashine, pembeni hapakosi boksi la unga uliokwisha kuchanganywa: ladha ya stroberi, ladha ya ndizi, ladha ya embe. Majuzi kijana wa dukani alinishikisha moja. "Mama, hii unatia maji tu, dakika tano mnakula." Nikamuuliza embe liko wapi. "Limo humo humo ndani, mama." Nikavaa miwani nikasoma ubavuni: unga wa ngano, sukari, mafuta, chumvi, ladha, rangi. Embe liliishia kwenye picha.

Nje ya duka lile lile, kwenye kivuli cha ukuta, mama mmoja alikuwa amekaa na beseni la ndizi kisukari zilizoiva hadi maganda yameota madoa, anaziuza kwa bei ya kuzitoa tu, maana kesho hazitauzika. Hizo ndizo ndizi za wofo. Mnunuzi wa kawaida anazipita akitafuta za njano zisizo na doa, kumbe doa ndilo linalosema kwamba wanga umekwisha geuka sukari. Ukitaka nyingi kwa mkupuo nenda Mabibo, pale watu wanapopaita Mahakama ya Ndizi, jua likianza kupinda. Bei ya hapo usiku unapokaribia ni nyingine kabisa.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu ladha za viwandani. Harufu ya ndizi ya kwenye chupa kwa sehemu kubwa ni kemikali moja, isoamili asetati, na kemikali hiyo hiyo imo ndani ya ndizi ya shambani. Hakuna uchawi hapo. Ila ndizi ya kweli haibebi harufu hiyo peke yake. Inabeba nyingine nyingi zinazobadilika kadiri inavyoiva, ndiyo maana kisukari hainukii kama mtwike, na mtwike wa leo si wa keshokutwa. Tena tunda halileti harufu tu. Linaleta maji, uchachu, sukari na nyuzinyuzi, na vyote hivyo vinaingia kwenye rojo na kulibadili. Mwenye boksi hana haja ya kushughulika na hayo. Mwenye tunda lazima ashughulike, na hapo ndipo upishi unapoanza.

Kwa familia ya watu wanne au watano, chukua kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano na nusu kikombe cha unga wa mchele. Huo wa mchele usiuache. Ndio unaoipa wofo ganda kavu la kuvunjika mdomoni, kazi ambayo ngano peke yake haiwezi, na hasa pale ambapo ndizi imekwisha leta unyevu wake. Wanaopika vitumbua hawahitaji kufundishwa mchele unavyofanya ukikutana na chuma cha moto. Halafu ngano nyingi tunayokula inaletwa kwa meli, wakati mchele tunaulima Kyela, Kilombero na Shinyanga. Tia vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda, chumvi kidogo, iliki ya kusaga.

Kwenye bakuli jingine ponda ndizi kisukari tatu au nne, uma unatosha. Vunja mayai mawili, viini uvichanganye na ndizi, ute uuweke kando. Mimina maziwa kikombe kimoja na robo, pamoja na theluthi ya kikombe cha samli iliyoyeyushwa. Sukari kijiko kimoja cha chakula, kisizidi. Hapa wapishi wengi wanajiharibia. Ndizi ina sukari yake tayari, na sukari ikizidi kwenye sahani ya moto inaungua kabla ndani hapajaiva, kisha inaganda. Mashine ikikung'ang'ania wofo nusu juu nusu chini, usiilaumu mashine.

Changanya vikavu na vimiminika kwa kugeuza mara chache tu. Vibonge vidogo vikibaki viache. Ukilikoroga rojo kama unasonga ugali, ngano inavutika na unapata wofo ya kutafuna kama raba. Mwisho ule ute uliouweka kando, upige mpaka usimame kwa povu, uingize taratibu kwa mwiko. Dakika hizo chache za kupiga ute ndizo zinazotofautisha wofo nyepesi na tofali.

Mashine iache ipate moto kweli, ipake mafuta kwa brashi, mimina, funika, usifunue. Tazama mvuke. Utatoka kwa wingi pembeni, kisha utapungua, kisha utakoma. Ukikoma maji ya juu yamekwisha na wofo imeiva, hata kama ile taa ndogo ya kijani inasema vingine. Ukiitoa usiitupe kwenye sahani juu ya mwenzake. Zikirundikwa zinatokwa jasho, na ganda ulilolihangaikia linalowa. Zitandaze kwenye wavu wa oveni mpaka za mwisho ziive.

Nanasi ni habari nyingine. Nalipenda mno, na nanasi la Kiwangwa likiiva vizuri halina mpinzani barabara yote ya Bagamoyo, lakini ukilikatakata bichi na kulitia kwenye rojo lenye maziwa na mayai, kisha ukaenda kuoga, utarudi na kukuta rojo lenye uchungu usiojua umetokea wapi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini, kazi yake ni kuvunjavunja protini, na maziwa na mayai ni protini. Papai lina chake, papaini. Mchoma mishkaki yeyote wa pwani anakijua kwa matendo ingawa huenda hakijui kwa jina. Ndiyo sababu anaisugulia nyama papai bichi. Dawa ni moto. Likate nanasi vipande vidogo kama punje za mahindi, lipike kwenye kikaango na sukari kidogo na mdalasini mpaka maji yakauke na vipande vianze kushika rangi. Kimeng'enya kinakufa, maji yanayoharibu ganda yanaondoka, na utamu unakazana. Likipoa ndipo lichanganye. Papai mimi silitii kabisa ndani ya rojo. Hata likipikwa linabaki na maji mengi na ladha yake inapotea. Lile pembeni, kwa ndimu.

Pasheni inataka akili kidogo tu. Uchachu wake ni mkali, na uchachu ukikutana na bekingi soda unatoa gesi hapo hapo. Kwa hiyo ukitumia juisi yake nzito, punguza bekingi pauda, tia robo kijiko cha chai cha soda, na upike papo kwa papo kabla mapovu hayajapasuka. Mbegu ziache. Kuna watu wanachuja pasheni kama wanachuja mtindi wa mgonjwa. Mimi nataka kuzisikia zikivunjika.

Sasa, kwa nini maboksi yote yanaanza na stroberi? Wofo ni ya zamani sana huko Ufaransa na Ubelgiji. Tangu karne za kati walikuwa wanaibana kati ya vyuma viwili vyenye mikono mirefu juu ya moto. Lakini wofo ya stroberi na krimu iliyopigwa, ile ya kwenye picha za mahoteli, umaarufu wake ni wa juzijuzi. Mwaka 1962 Mbelgiji mmoja, Walter Cleyman, aliuza wofo za kwao kwenye maonyesho ya kimataifa ya Seattle, Marekani. Miaka miwili baadaye Maurice Vermersch na familia yake wakapanga kibanda kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, wakaziuza na krimu na stroberi juu yake. Mwanzo aliziita kwa jina la Brussels, akaona Wamarekani hawajui Brussels iko wapi, akalibadili jina liitaje Ubelgiji. Watu walipanga foleni. Kutoka hapo stroberi ikawa kama imezaliwa na wofo.

Yule baba alifanya jambo la busara: alitumia tunda ambalo wateja wake walikuwa wanalipenda na lililopatikana hapo alipokuwa. Sisi tumeiga stroberi tukaiacha busara. Stroberi zinalimwa Lushoto na Arusha, ni kweli, na ukizipata mbichi kwa bei nzuri zile kwa furaha. Ila kuipakia nyumba nzima unga wa pinki wenye harufu ya stroberi, wakati embe zinaoza Tabora na machungwa yanaanguka Muheza, hilo silielewi.

Kuna upande mwingine nao una la kusema, na shemeji yangu ndiye msemaji wake mkuu. Kwake yeye wofo ni uzungu mtupu, na mtu mwenye vitumbua, mihogo na maharage ya nazi hana sababu ya kununua chuma cha umeme. Namheshimu shemeji, ila akisema hayo huwa ameshika chapati. Chapati na sambusa zilikuja kwetu kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Na matunda yenyewe tunayoyaita ya kwetu? Embe asili yake ni upande wa India, ndizi ilianzia kusini-mashariki mwa Asia, na nanasi, papai, pasheni na parachichi yote chimbuko lake ni Amerika. Hata stroberi hii kubwa ya madukani ni chotara aliyezaliwa Ufaransa karne ya 18 kwa wazazi wawili wa Amerika, mmoja wa Chile na mmoja wa kaskazini. Kwenye meza ya chai ya Mswahili ukianza kudai vyeti vya kuzaliwa, utabaki na sahani tupu. Chakula kinakuwa cha kwenu kwa unavyokitia mkono.

Kwenye gharama shemeji ana hoja kidogo. Mashine ni hela, na si kila nyumba ina umeme wa kutegemewa. Umeme wenyewe hauli sana: mashine ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa mfululizo imekula nusu yuniti. Asiye na mashine wala hana nia ya kununua, ana chuma cha vitumbua, na rojo lile lile la ndizi linaiva humo vizuri sana juu ya mkaa, ukilifanya zito kidogo. Mirabamiraba utakosa. Watoto watanuna dakika moja.

Tena si chakula cha kila siku, na wala sipendekezi kiwe. Jumatatu hadi Ijumaa mama wa kona ana vitumbua vya moto saa kumi na mbili alfajiri; mwache ale riziki yake. Jumamosi ndiyo siku ya kumkabidhi mtoto wa darasa la tatu bakuli la ndizi na uma. Ataponda nyingine sakafuni, sawa.

Cha kumimina juu yake usiende kukitafuta kwenye chupa za Canada. Asali ya Tabora ni nzito na ina moshi kidogo kwa mbali, inaendana na ndizi kuliko kitu chochote nilichoonja. Kwa wofo ya nanasi, loweka ukwaju, uchuje, uchemshe na sukari mpaka uanze kuvutika kwenye kijiko.

Imebaki embe, na hapa sina subira na mtu. Msimu mkubwa unaanza kuingia mjini mwishoni mwa mwaka, na kwa wiki kadhaa embe linakuwa rahisi kuliko soda. Nunua wakati huo. Menya, saga, jaza kwenye vifuko vidogo kipimo cha kikombe kimoja kimoja, weka kwenye friza, na mvua za masika zikikufungia ndani mwezi wa nne una embe la kweli. Kikombe hicho kinaingia badala ya ndizi na sehemu ya maziwa, na ukitaka ganda liwe kavu, lichemshe kwanza dakika chache lipungue maji. Chagua dodo au bolibo, lenye nyama laini. Embe la nyuzi usilitie kwenye wofo hata ukipewa bure. Mpe mtoto akalifyonze uani, tena avue shati kwanza.